Kuamsha Virusi Vilivyolala kwa PMA: Mwongozo Kamili wa Seli za J-Lat kwa Maabara Ndogo

Kila muhula wanafunzi wa sayansi ya maabara wanaofanya miradi yao huku Malindi na Kilifi huja na malalamiko yale yale. Wameweka PMA, kemikali ya kuamsha virusi, kwenye seli za J-Lat zenye VVU vilivyolala, wamesubiri, wamechungulia kwenye hadubini, na hakuna kijani, yaani mng'ao unaoonyesha kuwa virusi vimeamka. Wengine wameona kijani kila mahali, hata kwenye seli ambazo hazikuwekwa dawa. Wengine wameua seli zote.

Ukiwahoji taratibu, mara nyingi virusi havina kosa, na mashine nayo haina kosa. Jaribio liliharibika kwenye kichupa cha dawa, kabla ya dawa kufika kwenye seli. Kwa hiyo nimekaa sana kwenye kutengeneza dawa na kupanga kontroli (visima vya kulinganishia), na nimepita upesi kwenye yale ambayo kila mtu anayajua.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze kabla ya kila kitu kuwa tayari. Jaribio hili haliwezi kusimamishwa katikati ukingoja boksi litoke Nairobi.

Seli
- J-Lat, kloni (ukoo wa seli uliotoka kwenye seli moja) 10.6. Ndizo rahisi kuamsha. Kloni 6.3, 8.4 na 9.2 zimelala fofofo, hazimfai anayeanza.
- Jurkat za kawaida, zisizo na virusi. J-Lat zilitengenezwa kutokana na hizi, na bila hizi huna cha kulinganisha.

Dawa
- PMA, kichupa cha miligramu 1.
- DMSO, kiyeyushi cha PMA, safi ya kukuzia seli, isiyo na vijidudu.
- TNF-alfa, protini ya kinga ya mwili inayochochea seli, stoku (mchanganyiko mzito wa akiba) ya mikrogramu 10 kwa mililita. Hii ni kontroli ya pili, na wengi huiacha kwa sababu ya bei. Usiiache.

Chakula cha seli na maji ya kuoshea
- Midia ya RPMI 1640 yenye seramu ya ndama asilimia 10, glutamini, penisilini na streptomaisini.
- PBS, maji ya chumvi ya kuoshea seli.
- Paraformaldehaidi ya asilimia 2 ya kukaza seli zibaki zilivyo, iliyotengenezwa karibuni.

Vifaa
- Kabati la usalama wa kibayolojia la daraja la II, inkubeta ya nyuzi 37 yenye kaboni dayoksaidi asilimia 5, na sentrifuji.
- Sahani ya visima 24, tyubu ndogo za rangi ya kahawia (au karatasi ya foili), na pipeti zilizopimwa usahihi wake.
- Rangi ya tripani bluu, inayoingia kwenye seli zilizokufa tu, na kioo cha kuhesabia seli.
- Saitomita (mashine inayopima mng'ao wa seli moja moja), au hadubini ya mwanga wa fluoresensi yenye kichujio cha kijani.
- Glavu za nitrili, koti na miwani ya kukinga macho.

## Kinachotendeka ndani ya seli, kwa ufupi

J-Lat ni seli za T zilizobeba jenomu ya VVU ndani ya DNA yao, ila imelala. Jeni ya ganda la nje la virusi imevurugwa makusudi, kwa hiyo chembe zinazotoka haziwezi kuambukiza seli nyingine. Mahali pa jeni ya nef pamewekwa protini ya kijani inayong'aa, GFP. Virusi vikiamka, seli inawaka kijani.

PMA hujifanya diasaili-gliseroli, ujumbe wa kawaida wa seli, na kuiwasha protini kinasi C. Kinasi hiyo inaifungua NF-kappa B, protini inayowasha jeni, ambayo huingia kwenye kiini na kukaa juu ya kichocheo cha virusi, sehemu ya DNA unapoanzia usomaji. Usomaji wa jeni unaanza, protini ya virusi iitwayo Tat inatengenezwa, nayo Tat inasukuma usomaji uende mbele mpaka mwisho. Msururu wote huo unataka masaa. Anayechungulia baada ya masaa 4 na kukata tamaa amechungulia mapema.

## Kabla ya yote: idhini na usalama

J-Lat ni seli zilizobadilishwa vinasaba. Kenya ina sheria ya usalama wa kibayolojia ya mwaka 2009 inayohusu kazi za namna hii, kwa hiyo pitia kamati ya usalama ya chuo chako kabla ya kuagiza. Fanya kazi katika kiwango cha 2 cha usalama. Hata kama virusi hivi haviwezi kuenea, usizikuze J-Lat katika kabati moja, kwa wakati mmoja, na seli zenye virusi vingine vya jamii ya retrovirusi (jamii ya VVU). Jeni iliyovurugwa ndiyo ulinzi wako, na ulinzi huo hautakiwi kukutana na virusi vyenye jeni nzima.

PMA yenyewe inastahili heshima kuliko seli. Inawasha ngozi, na kwa wanyama wa maabara imethibitishwa kuwa inakuza uvimbe wa saratani. DMSO, kwa upande wake, hupenya ngozi na kubeba kilichoyeyushwa ndani yake. Ukizichanganya, tone moja kwenye glavu yenye tundu si jambo dogo. Vaa glavu mbili, na zikipata tone zivue hapo hapo.

## Hatua ya 1: Pokea seli zikiwa hai

Kwa safari fupi, seli zisafiri zikiwa hai ndani ya chupa ya kukuzia iliyojazwa midia hadi shingoni, kifuniko kimekazwa na kuzungushiwa parafilamu. Seli zilizogandishwa zinahitaji barafu kavu njia nzima, na barafu kavu ikiisha Mtwapa hutajua mpaka ufungue boksi.

Chupa ijazwe kabisa kwa sababu hewa ikibaki ndani inazipiga seli kila gari likiruka tuta. Zinavumilia joto la chumba kwa siku moja bila shida, lakini joto la zaidi ya nyuzi 40 linaziua. Mwambie anayeleta asiweke boksi juu ya injini ya matatu wala kwenye buti lililoegeshwa juani. Kwa wenzetu wa Lamu, boksi likishushwa Mokowe lisubiri boti kivulini.

Zikifika, ziache ndani ya inkubeta masaa kadhaa kabla ya kuzigusa. Kisha toa midia ya ziada, hesabu, na ziweke kwenye msongamano wa seli 300,000 kwa mililita.

Jambo dogo la huku kwetu: trei ya maji ndani ya inkubeta ijazwe maji yaliyochemshwa na kutoneshwa (distilled), wala si ya bomba. Maji yetu yana chumvi. Yakikauka huacha ukoko mweupe kwenye chuma, kisha kutu, na kutu ikianza vipimo vya gesi havitaaminika tena.

Dalili njema: baada ya siku mbili au tatu seli ni za duara, zinameremeta kingoni, zimeelea, na midia imegeuka kutoka nyekundu kwenda rangi ya chungwa. Seli hai ziwe zaidi ya asilimia 90 kwa tripani bluu. Zikiwa chini ya hapo, subiri. Seli dhaifu zitakupa jibu la uongo.

Zitunze kati ya 200,000 na 1,000,000 kwa mililita. Midia ikifika njano, seli zimeshakaa kwenye asidi na njaa, na seli yenye njaa hufanya mambo yake yenyewe. Pia usizikuze miezi na miezi. Kadiri zinavyozidi kugawanywa ndivyo tabia inavyobadilika, kwa hiyo gandisha akiba mapema na urudi kwenye akiba hiyo.

## Hatua ya 2: Tengeneza stoku ya PMA (hapa ndipo wengi huangukia)

PMA ya miligramu 1 mara nyingi huja kama utando mwembamba uliokauka ukutani mwa kichupa. Ukifungua utadhani umeuziwa kichupa kitupu. Usikitupe, wala usikirudishe dukani.

1. Toa kichupa kwenye friza na ukiache juu ya meza, kikiwa kimefungwa, mpaka kifike joto la chumba. Hewa ya Malindi ina unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika ndiyo usiseme. Kichupa baridi kikitolewa, umande hujikusanya nje yake mpaka maandishi yanalowa. Ukikifungua hapo, umande huo unaingia ndani.

2. Kizungushe kwenye sentrifuji kwa sekunde chache, ili vumbi lililo kwenye kifuniko lishuke.

3. Weka mililita 1 ya DMSO. Zungusha kichupa taratibu, kilaze, kigeuze, DMSO iguse kuta zote. Kiache dakika 10, kisha rudia. Sasa una miligramu 1 kwa mililita, ambayo ni takriban milimola 1.6.

4. Igawe mara moja kwenye tyubu za kahawia, mikrolita 20 kila moja. Andika jina, ukolezi na tarehe kwa kalamu isiyofutika na spiriti. Hifadhi kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, gizani.

Kwa nini ugawe? Kwa sababu kinachoiharibu PMA ni kuyeyushwa na kugandishwa tena na tena, mwanga, na maji yanayoingia kidogo kidogo kila tyubu inapofunguliwa. DMSO hufyonza maji kutoka hewani. Tyubu moja kwa jaribio moja, ikibaki inatupwa. Inauma mfukoni, najua, lakini dawa iliyochoka inauma zaidi.

DMSO huganda kwenye nyuzi 18 na nusu. Ukiikuta imeganda ndani ya friji haijaharibika, iache tu chumbani itayeyuka yenyewe. Usiipashe moto kwenye jiko la maabara, nimewahi kuona hilo likifanyika.

Sasa stoku za kazi, zinazotengenezwa siku ile ile ya jaribio:

- Stoku A: mikrolita 5 za stoku kuu ndani ya mikrolita 495 za DMSO. Unapata mikrogramu 10 kwa mililita.
- Stoku B: mikrolita 10 za stoku A ndani ya mikrolita 90 za DMSO. Unapata mikrogramu 1 kwa mililita.

Punguza ukitumia DMSO, usitumie midia. PMA ni ya mafuta. Ndani ya maji hupenda kujishikiza kwenye plastiki ya tyubu, na unachofikiri ni nanogramu 10 kinakuwa nanogramu 3, nyingine zimebaki ukutani. Midia iliyochanganywa na PMA itumike papo hapo. Usiihifadhi mpaka kesho.

Angalia vipimo. Nanogramu 10 kwa mililita ni sawa na nanomola 16 hivi. Mtu akisoma maelezo yanayotaja nanomola akapima nanogramu, au akaandika mikrogramu alipotaka nanogramu, kazi yote imepotea. Mwanafunzi mmoja alikuja na daftari lake:

"Mwalimu, seli zimekufa zote, na nilifuata kiasi kile kile."

"Hebu soma hapa ulipoandika."

"Mikrogramu kumi kwa... ah."

Mara elfu moja ya kinachotakiwa. Seli zisingepona.

## Hatua ya 3: Panga sahani kwenye karatasi

Chora visima 24 kwenye daftari kabla ya kushika pipeti. Kila kundi lipate visima 3 (nanogramu zote ni kwa mililita):

- J-Lat bila chochote
- J-Lat na DMSO tupu
- J-Lat na PMA nanogramu 1
- J-Lat na PMA nanogramu 10
- J-Lat na TNF-alfa nanogramu 10
- Jurkat na DMSO tupu
- Jurkat na PMA nanogramu 10

Hivyo ni visima 21. Vitatu vilivyobaki vitie PBS ili kupunguza ukavu.

Kila kundi hapo lina swali lake. DMSO tupu inakuambia kama kiyeyushi chenyewe kinaamsha au kinaua. Jurkat zisizo na virusi zinakuonyesha mng'ao wa asili wa seli, kwa sababu kila seli inang'aa kidogo na seli iliyokufa inang'aa zaidi. Jurkat zenye PMA zinakuonyesha kama dawa inaongeza mng'ao huo hata pasipo GFP.

TNF-alfa ndiyo ninayoipigania kila mara. Inaifikia NF-kappa B kwa njia nyingine, kupitia kipokezi chake juu ya seli, bila kupita kwenye protini kinasi C. Kwa hiyo TNF ikiwasha kijani na PMA isiwashe, PMA yako imekufa. Zote mbili zisipowasha, tatizo ni seli au mashine. Kwa visima vitatu umejua pa kutafuta, wakati mwenzako asiye na TNF anaagiza seli mpya, anaagiza dawa mpya, anabadilisha midia, na bado hajui.

## Hatua ya 4: Andaa seli

Siku iliyotangulia, zigawe seli ili zilale kwenye midia mpya zikiwa 400,000 hivi kwa mililita. Seli zinazogawanyika vizuri ndizo zinazoitika vizuri.

Siku yenyewe hesabu kwa tripani bluu. Unahitaji J-Lat 7,500,000 kwa visima 15, andaa 9,000,000. Unahitaji Jurkat 3,000,000 kwa visima 6, andaa 4,000,000.

Zizungushe kwa nguvu ya 300 g kwa dakika 5. Fuata g, si idadi ya mizunguko kwa dakika. Sentrifuji mbili zenye vichwa vya ukubwa tofauti zikizunguka kwa kasi moja hazitoi nguvu moja.

Mwaga midia ya zamani, zifumue seli kwa midia mpya yenye joto la nyuzi 37, ziwe 1,000,000 kwa mililita. Weka mililita nusu kwenye kila kisima.

## Hatua ya 5: Weka dawa

Usichukue mikrolita 1 ya dawa na kuidondoshea kisimani. Pipeti nyingi haziaminiki kwenye kiasi hicho, na tone la DMSO huzama chini na kuziunguza seli zilizo karibu. Tengeneza midia yenye dawa maradufu, kisha weka nusu kwa nusu:

- PMA nanogramu 10: mikrolita 8 za stoku A ndani ya mililita 4 za midia (inatosha J-Lat na Jurkat).
- PMA nanogramu 1: mikrolita 4 za stoku B ndani ya mililita 2.
- DMSO: mikrolita 8 za DMSO tupu ndani ya mililita 4.
- TNF-alfa: mikrolita 4 za stoku yake ndani ya mililita 2, na uongeze mikrolita 4 za DMSO ili vilingane na visima vya PMA.
- Bila chochote: midia tupu.

Weka mililita nusu ya kila mchanganyiko juu ya mililita nusu ya seli. Sasa kila kisima kina mililita 1, seli 500,000, dawa kwa kiasi ulichotaka, na DMSO asilimia 0.1 (isipokuwa visima vya bila chochote). Kiwango hicho cha DMSO hakiwasumbui Jurkat. Kikipita asilimia 0.5 usishangae seli zikianza kulegea.

Anza na visima vya kontroli, malizia na PMA ya juu, na badilisha ncha ya pipeti kila mara. Tikisa sahani mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Ukiizungusha, seli zote zitajikusanya katikati.

Rudisha sahani kwenye inkubeta na uandike saa.

## Hatua ya 6: Subiri masaa 24

Hapa hakuna kazi, ila kuna umeme. Ukikatika usifungue mlango wa inkubeta kuangalia kama bado kuna joto. Ukiwa umefungwa, joto linakaa muda wa kutosha mpaka jenereta iwake. Weka kipimajoto kinachoandika chenyewe, ili ujue kesho kilichotokea usiku. Jaribio lililopoa kwa masaa kadhaa lirudiwe.

Kesho yake chungulia kwenye hadubini ya kawaida kabla ya kuwasha mwanga wa fluoresensi. Kwenye visima vya PMA, seli zitakuwa zimeshikana mafungumafungu na nyingine zimenata chini ya sahani. Visima vya DMSO havitakuwa hivyo. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba PMA yako iko hai, na huhitaji mashine ya bei ghali kuiona. Jurkat zisizo na virusi nazo zitashikana, kwa sababu hilo linatokana na dawa, wala halihusiani na virusi.

Masaa 48 yanawezekana, lakini PMA huzichosha seli na vifo huongezeka. Kwa mara ya kwanza soma kwenye masaa 24.

## Hatua ya 7: Soma matokeo

Kwa saitomita. Pandisha seli kwa kupuliza taratibu na pipeti. Zilizonata kwenye visima vya PMA zing'oe vizuri, kwa sababu hizo ndizo zilizoitika kwa nguvu, na ukiziacha chini umejipunguzia jibu mwenyewe. Osha kwa PBS, weka rangi ya kutenganisha hai na mfu, osha tena.

Kama mashine iko mji mwingine, zikaze kwa paraformaldehaidi asilimia 2 kwa dakika 20 ndani ya kabati, osha, funga kwa foili, zihifadhi kwenye nyuzi 4, na zisomwe kesho yake. Hapo rangi ya hai na mfu iwe ya aina inayostahimili kukazwa huko. Propidiamu ayodaidi haifai. Na kamwe usitumie methanoli. Methanoli huvuruga GFP, na utasafiri hadi Kilifi na tyubu zisizo na kijani.

Kwenye mashine, fuata mpangilio huu: chagua seli kwa ukubwa wake, ondoa zilizoshikana mbili mbili, ondoa mfu, halafu ndipo uangalie kijani. Mpaka wa kijani uwekwe kwa Jurkat zisizo na virusi, usiuweke kwa macho yako kwenye sampuli ya PMA. Usiusogeze baada ya hapo hata kama matokeo hayakupendezi.

Kwa hadubini. Hesabu angalau seli 200 kwa kisima, katika sehemu tofauti za kisima. Piga picha zote kwa muda ule ule wa mwanga. Picha ya DMSO iliyopigwa kwa sekunde 1 na ya PMA iliyopigwa kwa sekunde 3 haziwezi kulinganishwa, hata zikipendeza namna gani kwenye ripoti.

Mafanikio yanaonekana hivi: Jurkat hazina kijani. J-Lat bila dawa na zenye DMSO zina kijani kidogo, na makundi hayo mawili yanafanana. TNF-alfa inapandisha kijani waziwazi. PMA ya nanogramu 10 inawasha sehemu kubwa, kwa kawaida zaidi ya nusu ya seli hai za kloni 10.6. PMA ya nanogramu 1 inakaa chini ya hapo au karibu nayo.

## Hatua ya 8: Taka

Midia yenye seli iloweke kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa angalau dakika 30. Dawa ya kufulia ya dukani yenye asilimia 3.5 inachanganywa sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji. Soma kibandiko kwanza, maana ukolezi hutofautiana.

Stoku za PMA, ncha zilizoigusa na DMSO iliyobaki ni taka za kemikali. Ziingie kwenye chupa yake, iandikwe, ikateketezwe kwenye tanuri la kuchomea taka za hospitali. Zisimwagwe kwenye sinki. Sinki zetu nyingi huishia kwenye shimo, na shimo haliko mbali na kisima.

## Swali la mnyaa

Hili huulizwa sana, hasa na wanaotoka vijijini: kama PMA ni ya jamii ya kemikali za mimea, si tuchukue utomvu wa mnyaa wa uani?

Swali lina akili ndani yake. PMA ilipatikana kwenye mafuta ya mbegu za Croton tiglium, na mnyaa uko katika familia hiyo hiyo. Utomvu wake una esta za aina inayokaribiana, na maabarani umeonyesha uwezo wa kuviamsha virusi vya Epstein-Barr ndani ya seli. Virusi hivyo vinahusishwa na uvimbe wa taya wa Burkitt kwa watoto wa Afrika Mashariki. Hapo ndipo penye hatari.

Utomvu mbichi ni mchanganyiko usiojulikana kipimo. Wa leo si wa kesho, na wa mti huu si wa ule. Ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Kwa jaribio hili haufai hata kidogo, na kwa mtu anayeishi na VVU haufai zaidi. Kuamsha virusi si kuviua. Dawa ya vorinostati ilijaribiwa kwa wagonjwa waliokuwa kwenye ARV, matokeo ya kwanza yakachapishwa mwaka 2012: virusi viliamka kwenye seli, lakini katika majaribio yaliyofuata akiba yake mwilini haikupungua. Na hao walikuwa wanaendelea na ARV. Mtu akikuuliza mtaani kama kuna dawa ya "kuvitoa virusi mafichoni," mwambie ameze ARV zake kila siku kama alivyoelekezwa kliniki.

## Mambo yakienda kombo

Hakuna kijani popote, hata TNF. Angalia hadubini kwanza: kichujio ni sahihi? Taa imezeeka? Kisha rudi kwenye akiba ya seli za mwanzo. J-Lat zilizokuzwa muda mrefu mno zinaweza kupoteza mwitikio.

TNF inawaka, PMA haiwaki. Tupa tyubu zote za stoku ile na uanze na kichupa kipya. Usijaribu kuongeza kiasi ili kufidia. Hujui kilichobaki humo ni nini.

Seli zimeshikana lakini hakuna kijani. PMA inafanya kazi. Huenda umesoma mapema, umekaza seli kwa methanoli, au umechanganya chupa ya Jurkat na ya J-Lat. Hili la mwisho hutokea zaidi ya watu wanavyokiri. Tumia vifuniko vya rangi tofauti.

Seli nyingi zimekufa kwenye PMA pekee. Rudia hesabu ya nanogramu, kisha angalia kama seli zilikuwa na afya kabla ya kuanza.

Zimekufa kwenye DMSO pia. DMSO ilizidi, au ilikuwa ya kazi nyingine, si ya kukuzia seli.

Kijani kingi hata bila dawa. Mshuku maikoplazma, bakteria wadogo sana wanaochafua seli. Haionekani kwa hadubini ya kawaida, antibayotiki za midia haziiui, na inaweza kuichokoza NF-kappa B muda wote, kwa hiyo virusi vinaamka bila wewe kufanya lolote. Pima kwa PCR. Ikipatikana, seli zote za inkubeta ile zitupwe, inkubeta isafishwe, na uanze na akiba iliyopimwa.

Visima vitatu vya kundi moja havifanani. Ni mchanganyiko mbaya au pipeti. Pima pipeti kwa maji yaliyotoneshwa juu ya mizani: mikrolita 100 ziwe gramu 0.1, mara kumi mfululizo. Isipofika, peleka ikarekebishwe kabla ya jaribio lingine.

Ukipata matokeo mazuri mara tatu kwa siku tofauti, ndipo unaweza kuingiza dawa nyingine kama prostratini au vorinostati. PMA ya nanogramu 10 ibaki kwenye sahani kila mara kama kipimo cha juu, DMSO kama kipimo cha chini, na dawa mpya isomwe katikati ya hivyo viwili. Vorinostati ipe mpaka masaa 48 kabla ya kusema haifanyi kazi.